Kijiji cha Maji Mekundu: Historia ya Ngarenanyuki

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa awe na chaki tayari, maana leo yako majina kadhaa ya kuandikwa ubaoni.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini hatutasoma habari za wafalme, wala za vita vikubwa, wala za mji wenye maghorofa. Tutasoma habari za kijiji kimoja tu, kijiji kidogo, nyuma ya Mlima Meru. Najua wako kati yenu wanaosema, "Kijiji kina historia gani? Watu wamezaliwa, wamelima, wamekufa, basi." Mimi nasema ngojeni kwanza. Kijiji hiki ninachotaka kuwaeleza kiliwahi kujadiliwa mjini New York, mbele ya wajumbe wa mataifa ya dunia nzima, wakati ambapo wengi wa wajumbe hao hawakujua hata Arusha iko wapi.

Jina lake ni Ngarenanyuki. Mwalimu, andika ubaoni: NGARENANYUKI. Ni neno refu, basi tulikate vipande ili tulisome: Nga-re-na-nyu-ki. Katika karatasi za zamani za serikali utaliona limeandikwa kwa maneno mawili, Engare Nanyuki. Neno lenyewe ni la Kimasai. Engare ni maji, au mto. Nanyuki ni -ekundu. Kwa hiyo maana yake ni maji mekundu. Mto wenyewe unatoka katika Mlima Meru, unashuka upande wa mashariki, kisha unapinda kwenda kaskazini kwenye mbuga. Umebeba udongo na madini ya mlima, na rangi yake ndiyo iliyowapa Wamasai jina hilo. Kumbukeni habari za maji haya. Tutarudi kwake baadaye, maana yana siri yake.

Sasa tupajue mahali penyewe. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, utapita Tengeru, kisha utafika Usa River. Hapo uache barabara kuu, ushike njia ya mkono wa kushoto iendayo Ngurdoto. Njia hii inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Utapita msituni, utaona twiga na nyati, utaona maziwa ya Momella na ndege wake. Kisha njia inatoka hifadhini upande wa pili, na ghafula nchi inabadilika. Msitu umekwisha. Miti ni mifupi, ardhi ni kavu na ina vumbi, na upepo unavuma sana. Hapo umekwisha kufika Ngarenanyuki. Ukitazama magharibi unauona Mlima Meru, lakini si kwa sura ile wanayoiona watu wa Arusha mjini. Kutoka mjini mlima unaonekana kama pembe. Kutoka Ngarenanyuki unauona umefunguka, kama chungu kilichovunjika upande mmoja. Zamani za kale sana, maelfu ya miaka iliyopita, ukuta wa mashariki wa mlima ulibomoka, mawe na tope vikaporomoka mpaka Momella na zaidi. Vile vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa pale ni mabaki ya mporomoko ule. Ukigeuka mashariki, asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro yote iko mbele yako.

Kwa nini upande wa kusini wa Meru kuna migomba na kahawa, na upande huu kuna vumbi? Sababu ni upepo wa mvua. Pepo zinazoleta mvua hutoka upande wa bahari, kusini na mashariki ya kusini. Zinaupiga mlima, zinapanda, zinapoa, na mvua inanyesha palepale, Akeri, Poli, Nkoaranga, Singisi. Zikivuka mlima kwenda nyuma, maji yamekwisha. Ngarenanyuki imejificha nyuma ya mlima, basi mvua haiioni sana. Mkulima wa Ngarenanyuki anaweza kusimama shambani mwake pakavu akayaona mawingu meusi juu ya mlima, na asipate hata tone moja.

Sasa utauliza, kama nchi ni kavu hivyo, Wameru walikwenda kutafuta nini huko? Hapa ndipo historia yetu inapoanza.

Wameru ni watu wa mlimani. Lugha yao ni ndugu ya Kichaga. Kwa karne nyingi waliishi katika mteremko wa kusini na mashariki wa Meru, wakilima migomba, wakichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mtoni hadi shambani, na kufuga ng'ombe. Hatari kwao ilikuwa tambarare ya chini, kwa sababu ya malaria na kwa sababu ya vita vya mbugani. Basi watu walikaa juu. Lakini ng'ombe wanataka majani mengi, na wanataka chumvi ya magadi. Vyote viwili vinapatikana upande ule mkavu. Kwa hiyo Ngarenanyuki ilikuwa malisho kabla haijawa kijiji.

Mwaka 1896, mwezi Oktoba, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri wakapiga hema. Hawakukaa siku nyingi. Waliuawa usiku na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakalipa kisasi. Jeshi lilitoka Moshi likiongozwa na Kapteni Johannes, pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Walichoma nyumba, wakakata migomba, wakachukua ng'ombe wengi. Kukata mgomba kwa mtu wa mlimani ni jambo zito sana, maana ni kumnyima chakula cha mwaka huu na cha miaka mingine inayofuata. Kisha Boma la Arusha likajengwa, watu wakilazimishwa kufanya kazi. Boma hilo bado liko mjini, nalo leo ni Makumbusho. Kama uko Arusha na hujaingia, nenda ukaone unene wa kuta zake.

Baada ya boma ikaja ramani. Serikali ya Wajerumani iligawa ardhi ya chini ya mlima kwa wazungu. Wako Wajerumani waliopewa mashamba, na wako Makaburu waliokuja kutoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, vita vilivyokwisha mwaka 1902. Walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe wakakaa pande zote za Meru. Mashamba haya yaliuzunguka mlima kama mshipi. Wameru na Waarusha walikuwa juu, mashamba ya masetla chini, na juu kabisa ya watu ulikuwako msitu wa serikali usioruhusiwa kulimwa. Mtu aliyetaka kupeleka ng'ombe wake malishoni mbugani alipaswa kupita katika ardhi ya mtu mwingine.

Wasikilizaji, chukueni kidole, mchore duara mezani. Hilo ndilo eneo la mlimani. Sasa watu wanazaa, watoto wanakua, kila kijana anataka kihamba chake, na duara haliongezeki. Utafanya nini? Wameru walifanya kile ambacho ninyi wenyewe mngefanya. Walitafuta nafasi pale palipokuwa wazi. Wakati wa utawala wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya kwanza, watu wakaanza kuhamia Ngarenanyuki, si kulisha tu, bali kukaa. Walijenga nyumba, wakachimba mifereji kutoka mtoni, wakalima mahindi na maharagwe, wakajenga kanisa na shule. Malisho yakawa kijiji. Katika vitabu vya serikali ardhi hii ilijulikana kwa namba tu: shamba namba 31 na shamba namba 328. Wenyewe waliiita nyumbani.

Mwaka 1946 serikali ya Tanganyika ilimpa kazi jaji mmoja, jina lake Mark Wilson, achunguze matatizo ya ardhi katika sehemu za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Nataka tumtendee haki Jaji Wilson. Aliona kwamba Wameru na Waarusha wamebanwa, akasema wapewe baadhi ya mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani. Hilo lilikuwa jema. Lakini alitazama ramani akaona rangi zimechanganyika: hapa Waafrika, pale wazungu, hapa tena Waafrika. Akapendekeza ramani inyooshwe. Nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, pande za Sanya, iwe eneo moja la wazungu peke yao, la kufugia ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Na Ngarenanyuki ilikuwa imekaa ndani ya eneo hilo. Wakazi wake wahamie Kingori, chini zaidi upande wa kusini mashariki.

Hapa natoa maoni yangu mwenyewe. Ramani ni chombo kizuri sana, na katika masomo yetu ya jiografia tutajifunza kuisoma. Lakini mwenye kutazama ramani tu haoni mifereji, wala makaburi, wala shule iliyojengwa kwa michango. Anaona rangi. Wilson hakuwa mtu mkatili, na bado pendekezo lake lilikuwa la kikatili.

Wameru walikataa. Walisema Kingori kuna joto, kuna magonjwa ya watu na ya ng'ombe, maji hayatoshi, na zaidi ya hayo Ngarenanyuki ni yao. Serikali ikasema italipa fidia. Wakakataa fidia pia. Kumbukeni, ndugu zangu, hawa hawakuwa matajiri. Fedha zilikuwa mezani nao hawakuzigusa, kwa sababu walijua kwamba mtu akipokea bei amekwisha kuuza.

Mwezi wa Novemba 1951 serikali ikatumia nguvu. Kazi ilianza tarehe 17. Polisi waliletwa, watu wakatolewa majumbani, vyombo vikatolewa nje, nyumba zikachomwa moto au kubomolewa. Mifugo ilikusanywa ikaswagwa kwenda Kingori, na mingine ilikufa. Waliohamishwa walikuwa watu yapata 3,000, wakubwa kwa watoto. Wengi wao hawakwenda Kingori. Waligeuka wakarudi mlimani kwa jamaa zao, wakasongamana katika vihamba ambavyo tayari vilikuwa vidogo. Lakini hawakupigana. Viongozi wao waliwaambia wasiinue mkono, na watu wakatii. Sijui kama mimi ningeweza, nikiona nyumba ya mama yangu inawaka.

Ardhi ile ilikusudiwa igawanywe kuwa mashamba 13 ya wazungu. Hebu tufanye hesabu kidogo, maana wiki iliyopita tulikuwa katika kugawanya. Gawanya 3,000 kwa 13. Utapata 230, na baki ni 10. Maana yake, kwa kila shamba moja la mzungu, watu 230 waliondoka. Mwalimu, iandike hesabu hiyo ubaoni, wanafunzi wainakili.

Msikilizaji, usidhani kuhamishwa kijiji kizima ni mambo ya Afrika tu. Huko Uingereza kwenyewe, katika wilaya ya Dorset, karibu na bahari, kulikuwa na kijiji kidogo kinaitwa Tyneham. Kilikuwa na kanisa la mawe, shule ya chumba kimoja, na watu wapatao 225. Mwezi wa Desemba 1943, wakati wa Vita ya pili, jeshi la Uingereza lilikitaka kwa ajili ya mazoezi ya mizinga. Watu waliambiwa waondoke kabla ya Krismasi. Waliondoka wakiamini kwamba vita ikiisha watarudi. Vita iliisha mwaka 1945. Mwaka 1948 serikali ikaichukua ardhi moja kwa moja kwa sheria. Hakuna aliyerudi kukaa, na hata leo kijiji ni magofu, watu wanakwenda kukitazama tu siku ambazo jeshi halifanyi mazoezi. Nimewaletea habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, tujue kwamba hata mkulima wa Kiingereza amewahi kutolewa kwake. Ya pili, tuone tofauti. Watu wa Tyneham waliambiwa wanatoka kwa sababu ya vita ya taifa zima. Watu wa Ngarenanyuki waliambiwa watoke ili watu wa rangi nyingine waingie.

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Wameru walifanya nini?

Waliandika. Sikilizeni vizuri, ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ilikabidhiwa kwa Uingereza kuangaliwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwalimu, andika: UDHAMINI. Mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze. Mtoto yatima ana shamba, baba mdogo anamtunzia mpaka akue. Shamba si la baba mdogo. Na kama baba mdogo akiliharibu, mtoto anaweza kwenda kwa wazee kumshitaki. Katika jambo hili Uingereza alikuwa baba mdogo, na wazee walikuwa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Sheria iliruhusu mtu yeyote wa nchi ya udhamini kupeleka malalamiko kwa barua. Wengi hawakujua. Wameru walijua, kwa sababu walikuwako kati yao watu waliosoma.

Waliunda chama chao, Meru Citizens' Union. Walichanga fedha, nyumba kwa nyumba, ukoo kwa ukoo. Walimpata wakili aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Bwana Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa kisiwa cha Bermuda, mbali sana katika bahari ya Atlantiki. Na kati yao wenyewe wakamchagua kijana mmoja awe msemaji: Kirilo Japhet. Andikeni jina hili katika madaftari, kwa herufi kubwa mwanzoni: Kirilo Japhet.

Katikati ya mwaka 1952 Seaton na Kirilo walikuwa New York. Kirilo alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza shida ya watu wake. Mfikirieni mtu wa mlimani, amepanda ndege kwa fedha zilizotoka katika kahawa na maziwa ya majirani zake, ameketi mbele ya mabalozi, na upande wa pili wameketi wawakilishi wa serikali ile ile iliyochoma nyumba. Alieleza. Waliuliza maswali, akajibu.

Matokeo yalikuwaje? Nitawaeleza bila kuyapamba. Baraza la Udhamini lilisikitika kwa jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Mwishoni mwa mwaka ule shauri likaenda katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru. Lakini Baraza Kuu lenyewe lilihitaji theluthi mbili za kura. Theluthi mbili ni kwamba katika kila kura tatu, mbili ziwe za ndiyo. Hazikutimia. Basi kwa hesabu ya kura Wameru walishindwa, na Kirilo alirudi bila ardhi.

Lakini angalieni yaliyofuata nyumbani. Mangi Sante, aliyekuwa mtawala wa Wameru, alikwisha kupoteza imani ya watu, maana walimwona amesimama upande wa serikali. Hakuweza kuendelea. Watu walidai utaratibu mpya wa kutawaliwa, wakaupata, na Sylvanus Kaaya akachaguliwa kuwa Mangi. Kirilo alizunguka mikoani akieleza kesi ya ardhi. Watu wa sehemu nyingine, waliokuwa na malalamiko yao wenyewe juu ya ardhi na ng'ombe, wakasikia kwamba kumbe inawezekana kusema, na dunia ikasikiliza. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa. Mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere naye alikwenda New York kusema mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Simaanishi kwamba Ngarenanyuki ndiyo iliyoleta Uhuru. Uhuru ulikuwa na wazazi wengi. Lakini mmoja wa wazazi hao anatoka katika kijiji hiki chenye vumbi, na vitabu vya shule havimtaji sana kama apasavyo.

Na yale mashamba 13? Mpango haukustawi kama ulivyokusudiwa. Nchi ni kavu, nami nilikwisha kuwaambia kwa nini. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na baada ya hapo Wameru wakarudi Ngarenanyuki. Kirilo na Seaton waliandika kitabu cha kesi yao, nacho kilichapishwa Nairobi mwaka 1967.

Basi kijiji kikoje leo? Sasa Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, na ndani yake mna vijiji kama Olkung'wado. Wanaishi Wameru, Wamasai na Waarusha, na utasikia lugha zote hizo sokoni pamoja na Kiswahili. Watu wa Ngarenanyuki ni wachapakazi, na wana ubishi kidogo, jambo ambalo halinishangazi ukikumbuka walikotoka. Kilimo chao kikubwa ni cha umwagiliaji. Nyanya za Ngarenanyuki zinajulikana sana, na malori huzichukua kwenda Arusha na miji ya mbali. Mfereji ndio moyo wa kijiji. Kuna zamu za maji, na mtu akiiba zamu ya mwenzake ugomvi wake si mdogo. Wako pia jirani wasio na adabu: tembo na nyati wa hifadhini hawajui mpaka, na usiku mmoja tu unaweza kumaliza kazi ya miezi mitatu. Hifadhi yenyewe ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaongezwa Mlima Meru na kuitwa Hifadhi ya Arusha. Wageni wanakuja kutazama wanyama. Mkulima anawatazama wanyama hao hao kwa jicho lingine.

Nilisema tutarudi kwenye maji. Maji ya upande huu wa Meru yamebeba madini yanayoitwa floridi. Yanatoka katika mawe ya mlima wenyewe, kwa kuwa Meru ni mlima wa volkeno, na mara ya mwisho ulitoa moto mwaka 1910. Floridi kidogo haina neno, hata inasaidia meno. Ikizidi ni sumu ya polepole. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Katika mto na chemchemi nyingi za Ngarenanyuki inazidi kipimo hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanakua, meno yatatoka yana madoa ya rangi ya kahawia, nayo hayatakati kwa kusugua. Na mtoto akinywa mengi mno kwa miaka, mifupa ya miguu inaweza kupinda, na mtu mzima anaweza kukakamaa mgongo na viungo.

Hapa nawaomba mama na baba wanaosikiliza wawe makini. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, na ni jambo la lazima. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. Tena yale magadi tunayotia katika makande ili mahindi na maharagwe yaive upesi, mara nyingi nayo yana floridi. Kwa hiyo mtoto anaipata katika kikombe na katika sahani. Maji bora kwa mtoto mdogo ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati safi, au ya bomba lililopimwa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi miaka mingi ya kutafuta njia ya kuyasafisha maji, na njia moja ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa namna maalumu. Inafanya kazi, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, jambo ambalo watu husahau.

Kwa hiyo kijiji hiki kilichopigania ardhi yake mpaka New York bado kina shauri lingine, nalo limo ndani ya mto ule ule uliokipa jina. Mtu mzima wa Ngarenanyuki akicheka utaona rangi ya meno yake, na utajua amekulia wapi. Wengine huona haya, wakacheka wameziba mdomo kwa mkono. Wasione haya. Lakini watoto wao wana haki ya maji mengine.

Kazi ya darasa kwa leo ni hii. Kila mtu aandike mistari mitano juu ya kijiji chake mwenyewe: jina lake lina maana gani, ni lugha ya nani, nani walikuwa wa kwanza kukaa hapo, na maji yake yanatoka wapi. Asiyejua amwulize mzee wa jirani, tena amwulize wiki hii hii. Mwalimu azikusanye karatasi, azisome kwa sauti mbele ya wote. Wiki ijayo, siku na saa kama ya leo, tutaendelea na somo la mifereji ya Wameru na Wachaga, jinsi ilivyochimbwa bila vyombo vya kupimia. Kwaherini.